Kisiwa Kinacholipia Utulivu Wake

Sisi wa Bukavu tunapenda kusema Ziwa Kivu ni letu. Tunalitazama kutoka Muhumba, La Botte na Nguba, maarusi wanapigia picha ukingoni mwake, na mgeni akifika jambo la kwanza tunalomwonyesha ni maji. Lakini ukimuuliza mkaaji wa Ibanda au Bagira kama amewahi kukanyaga Idjwi, mara nyingi atatikisa kichwa. Kisiwa ambacho mananasi, ndizi, maharage, kahawa na sambaza wake wanaingia mjini kila siku ya Mungu tunakijua kwa ladha. Kwa sura hatukijui.

Kutokijua huko si jambo dogo, maana kumegeuka kuwa siasa. Idjwi ina zaidi ya watu laki mbili juu ya kilometa za mraba zipatazo 300. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe ya Tanzania peke yake inayoizidi kwa ukubwa. Ni wilaya kamili ya Kivu ya Kusini, makao yake yako Bugarula, na ina shefri mbili, yaani tawala za kimila: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Pamoja na hayo, miaka nenda miaka rudi imekuwa ikikumbukwa mwisho katika barabara, katika umeme, katika hospitali. Nami naona sababu kubwa ni moja. Miaka hiyo yote kule hakukuwaka moto. Fedha za misaada na macho ya wakubwa katika Kivu yetu hufuata milio ya risasi, na Idjwi haikutoa mlio wa kutosha.

Historia ya kisiwa hiki ni ndefu kuliko ya mji wetu. Wabelgiji walipoanza kujenga kituo hapa Bukavu mwanzoni mwa karne ya 20, Idjwi ilikuwa imeshatawaliwa na bami, wafalme wake, kwa vizazi kadhaa. Ufalme wake ulianza na Mwendanga, wa ukoo wa Basibula, yapata mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Mwanahistoria wa Kimarekani David Newbury, aliyekaa kisiwani katika miaka ya 1970 akisikiliza wazee mlima kwa mlima, aliandika kitabu kizima juu ya kipindi hicho, na jambo alilolionyesha lafaa kurudiwa hapa. Watu wa Idjwi hawakuwa kabila moja lililoshuka kisiwani na koo zake zikiwa tayari zimepangwa. Walikuja kutoka pande zote za ziwa, kutoka Buhavu, Bushi, Rwanda na milima ya magharibi, na koo zao zilipata sura tunayoijua leo palepale kisiwani, sambamba na ufalme wenyewe. Walijifunza kuwa watu wamoja huku wakipakana mashamba.

Maji, wakati huo, yalikuwa njia. Kutoka milima ya Batembo zilishuka butega, zile bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mmea ambazo wanawake wa ng'ambo walizivaa miguuni kwa wingi, na ambazo zilifanya kazi ya fedha katika masoko ya eneo zima. Mfanyabiashara alinunua butega upande wa magharibi, akavusha kwa mtumbwi, akarudi na mbuzi au maharage. Idjwi ilikaa katikati ya safari hiyo. Mtu wa kisiwani alijua kupiga makasia, alijua lugha za pwani zote, na alijua saa ambayo upepo unageuka. Ujuzi huo ulikuwa mtaji.

Njia hiyohiyo ililetea kisiwa adui. Rwabugiri, mwami wa Rwanda aliyepigana karibu na kila jirani wake, alivusha majeshi yake kwa mitumbwi na kuishambulia Idjwi zaidi ya mara moja. Mwami Kabego aliuawa, na kisiwa kikakaa chini ya mkono wa Rwanda kwa miaka mingi. Rwabugiri mwenyewe alifariki 1895 akiwa katika msafara wa vita huku kwetu ziwani. Baada ya kifo chake ndipo ukoo wa kifalme ulipopata nafasi ya kurudi, na Mihigo akashika kiti. Nayaeleza haya kwa sababu wapo wanaoamini kwamba Idjwi imekuwa na amani kwa kuwa iko mbali. Haijawahi kuwa mbali na kitu chochote. Ukisimama ukingo wake wa mashariki unaiona Rwanda kwa macho matupu, hata nyumba utazihesabu.

Wazungu nao walikiona kisiwa hicho kama kila jeshi lilivyokiona. Gustav Adolf von Götzen wa Ujerumani alilifikia ziwa 1894, na muda si muda Wajerumani na Wabelgiji wakaanza kuvutana kila mmoja akidai ziwa na visiwa vyake. Mkataba wa 1910 ulikata maji kwa mstari na kuiweka Idjwi upande wa Kongo. Miaka minne baadaye, Septemba 1914, Wajerumani wakaiteka. Wabelgiji wakairudisha 1916. Wakaaji wa kisiwa hawakuulizwa neno katika hatua hata moja kati ya hizo, na mstari ule wa 1910 umebaki majini hadi leo. Mstari huo, kama nitakavyoeleza, umeua watu wengi.

Ukoloni ulipotulia, mji wetu ulipewa jina la Costermansville, ukabaki nalo hadi miaka ya 1950, na Kivu nzima ikagawanywa kuwa mashamba ya walowezi. Kahawa ya arabika ikapandwa, na mikwinini ya kutengenezea dawa ya malaria, chai na pareto. Kisiwani kampuni ya Linea ilishika ardhi nyingi na nzuri, jambo ambalo wazee wa Idjwi hawajalisahau, kwa sababu kisiwa hakina pa kurudi nyuma: mlima mmoja ukichukuliwa, familia zilizokuwa juu yake zinajibana kwenye mlima wa pili. Ndipo nafasi ya Idjwi katika maisha ya Bukavu ilipojengeka. Meli zilipakia kahawa na gome la mkwinini, zikashusha chumvi, nguo, mabati na misumari. Mji ulikula, kisiwa kililima, na vituo vidogo vya ukingoni, mahali palipokuwa na mtumbwi mmoja na mti wa kuufungia, vikawa bandari.

Halafu akaja sambaza. Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache. Maji yake ni ya kina cha karibu meta 480, na chini kumejaa gesi ambayo watu wa nje hulijulia ziwa hili, methani na kaboni dioksidi. Samaki hawawezi kuishi huko. Kwa hiyo tabaka la juu peke yake ndilo lenye uhai, na katikati ya ziwa palikuwa patupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaletwa samaki wadogo kutoka Tanganyika, aina ya ndagala, wakamwagwa Kivu, wakazaana. Leo usiku usio na mbalamwezi utaona taa zimetawanyika ziwani kote. Kila taa ni chombo cha mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama antena za mende. Wavu unashushwa kutoka kwenye miti hiyo, taa inawavuta sambaza juu, na wavuvi wanavuta kwa pamoja huku wakiimba na kupiga miluzi ili mikono isipishane. Asubuhi samaki wanauzwa wakiwa bado wanang'aa, na wanaobaki wanaanikwa. Hakuna nyumba ya Kadutu, hata iwe maskini kiasi gani, isiyojua harufu ya sambaza wakikaangwa. Samaki hao ni chakula cha watoto wetu, na usiku mwingi ni watu wa Idjwi wanaokesha kutuvulia.

Sasa nirudi kwenye amani, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tangu 1994 jimbo letu halijapumua. Mwaka huo watu waliokimbia Rwanda walijaa Bukavu, na maelfu walishuka Idjwi vilevile. 1996 vita vikaingia mjini, Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa mwezi Oktoba. 1998 vita vya pili. 2004 makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi wakauteka mji. Kalehe, Kabare, Walungu, Shabunda, Mwenga: kila wilaya ina orodha yake ya vijiji vilivyochomwa na makaburi ya pamoja. Idjwi ilipita katika miaka hiyo yote bila kuwa uwanja wa mapigano, ingawa ilitawaliwa na wenye silaha walewale waliotutawala sisi, ikala njaa ileile na ikapata wakimbizi haohao.

Waandishi wa ng'ambo wanapofika husema ni maji yaliyoilinda. Sikubali. Maji hayakumzuia Rwabugiri, hayakuwazuia Wajerumani. Naona zaidi kazi ya watu. Kisiwa ambacho kila mlima una koo nne au tano zilizochanganyika kwa ndoa hakimpi mchochezi pa kushika. Bami na wazee wa milima walikuwa na desturi ya kuita pande mbili na kukaa nazo hadi neno liishe, na desturi hiyo haikuvunjika kama ilivyovunjika kwingine. Makanisa nayo yaliingia humohumo. Na kuna jambo la wazi kwa yeyote anayeishi mahali penye watu wengi hivyo na ardhi ndogo hivyo: ukimfukuza jirani yako Idjwi, hana msitu wa kukimbilia, atabaki mbele ya macho yako. Inabidi mwelewane.

Wala sitaki kuipaka Idjwi rangi ya peponi. Amani yake haikuwafikia wote sawasawa. Bambuti, waliokuwa kisiwani kabla ya ufalme na wenye nafasi ya heshima katika simulizi na mila zake, walipoteza misitu yao kadiri ilivyofyekwa kwa ajili ya mashamba. Wengi wao leo wanaishi katika vijumba vya ukingoni, bila ardhi yao wenyewe, wakifinyanga vyungu ambavyo masufuria ya alumini yameviua sokoni, na wakilima kwa kibarua katika mashamba ya watu wengine. Migogoro ya mashamba ipo, na inakua kila kizazi kinapogawa shamba la baba kwa wana sita. Kipindupindu hupita mara kwa mara, katika kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote lakini ambacho mabomba ya maji safi ni machache. Anayesema kule hakuna shida kwa sababu hakuna bunduki hajafika.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni habari ya kahawa. Baada ya mashamba makubwa kuporwa na kuachwa katika miaka ya Mobutu, na baada ya vita kuvunja biashara, mkulima wa Idjwi alibaki na miti yake na bila mnunuzi. Kodi na karatasi za upande wetu zilikuwa nyingi mno kwa gunia moja la kahawa iliyomenywa kwa mkono. Ng'ambo ya maji, Rwanda, palikuwa na mnunuzi mwenye fedha mkononi. Basi wanaume wakapakia usiku. Mtumbwi wa mti mmoja, magunia mawili matatu, makasia, giza, na mstari wa 1910 katikati. Ilibidi iwe usiku ili doria isiwaone, na usiku ndio saa ya upepo mbaya. Gunia likilowa linakuwa zito, mtumbwi unazama kidogo, wimbi linaingia, mtu anaanza kutoa maji kwa kopo huku mwenzake akipiga kasia. Wengi hawakufika. Kisiwani kuna wajane ambao mume hakuzikwa, alikwenda kuuza kahawa tu. Babu zao walivuka maji hayohayo mchana kweupe wakiwa wafanyabiashara. Wajukuu wakaitwa watu wa magendo.

Hapo watu wa Idjwi walifanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa uchumi wa Bukavu alisome. Walijipanga. Miaka ya 2010 zikaanza kushika nguvu mashirika ya wakulima, mojawapo likiwa CPNCK lililoanzishwa na Gilbert Makelele, mtoto wa kisiwa. Wakajenga vituo vya kuoshea kahawa karibu na mashamba. Kazi yenyewe si ya uchawi lakini inataka nidhamu. Tunda linachumwa likiwa jekundu, si la kijani wala jeusi. Linatumbukizwa majini ili yale mepesi yaelee na kutolewa. Linamenywa siku hiyohiyo, linachachuka, linaoshwa, linaanikwa juu ya meza za wavu, na akina mama wanakaa pembeni mwa meza hizo siku nzima wakichagua kwa vidole punje zenye kasoro. Kahawa iliyokuwa ikivushwa kwa wizi na kupotea ndani ya kahawa ya wengine ikaanza kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Idjwi yenyewe. Mwanamume aliyekuwa akipiga kasia usiku anapeleka debe lake kituoni saa kumi jioni na kurudi kulala kwake. Mimi sijui mradi mwingine wa maendeleo katika jimbo hili uliookoa maisha kwa njia iliyo wazi hivyo.

Na si kahawa tu. Wamejaribu mtandao wa intaneti wa jamii, ulioitwa Pamoja Net, ukisukumwa na shirika la kienyeji na Mwami Roger Ntambuka, wakati kampuni kubwa ziliona kisiwa hakina faida. Daktari mzaliwa wa kisiwa, Jacques Sebisaho, alirudi kufungua huduma za afya nyumbani. Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipofagia Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe na kuua zaidi ya watu 400, miili mingine ilibebwa na maji hadi ukingo wa Idjwi. Watu wa kisiwa waliitoa na kuizika, watu ambao hawakuwa ndugu zao wala wa wilaya yao.

Kwa hiyo nguvu wanayo. Kilichobaki nje ya uwezo wao ni bandari na vyombo, na hapo ndipo ninapotaka tuwe wakali.

Nenda bandari ya Muhanzi hapa Bukavu asubuhi mashua ya Idjwi inapofunga. Utaona ubao mmoja umelazwa kutoka chomboni hadi kwenye matope, na wabebaji wameshaingia majini hadi mapajani kwa sababu ubao hautoshi. Mananasi yamepangwa tumboni mwa mashua, majani yake yakiwa juu, na juu ya majani hayo yamekaa magunia ya maharage, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na watu. Mama mwenye mzigo alikaa juu ya mzigo wake tangu usiku. Akishuka, kabla hajauza nanasi hata moja, anakutana na jetoni ya soko, na mtu wa kodi hii, na mtu wa karatasi ile, kila mmoja na kalamu yake. Tazama kama kuna mtu mmoja kati ya hao wenye kalamu aliyehesabu abiria. Tazama jaketi za kuokolea: zikiwepo, mara nyingi zimefungwa kamba pamoja na kutiwa chini ya sitaha, zisilowe.

Kule mashua zinakotoka hali ni nzito zaidi. Bandari nyingi za Idjwi ni ufuko, jiwe na mti. Hakuna taa ya kumwongoza nahodha wa usiku. Mjamzito aliyeshindwa kujifungulia kisiwani anavushwa kwa chombo kilekile kinachobeba ndizi, na anasubiri ndizi zimalizwe kupakiwa.

Tumeshaona mwisho wake. Aprili 2019 mashua iliyotoka Goma kuelekea Kalehe ilizama, na Rais Tshisekedi akataja watu 142 waliopotea. Alikuja, akaagiza kila abiria avae jaketi. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iitwayo Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ukingoni. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimeziba barabara ya Sake na chakula chote cha Goma kililazimika kupita majini. Gavana wa jimbo letu wakati huo, Jean-Jacques Purusi, alitaja waliokufa 78. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu agizo la jaketi.

Jirani zetu wa Tanzania walilipa bei hiyo kabla yetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, kisiwa kilicho jirani na Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa, wengi wao wakirudi kutoka sokoni. Ukara nayo ni kisiwa chenye amani, chenye watu wengi juu ya ardhi ndogo, wakulima hodari. Nayo pia chombo chake kilibeba zaidi ya uwezo wake kwa sababu siku ya soko ni siku ya soko, na aliyekosa nafasi anapoteza mazao yake. Tofauti ni kwamba msiba ule ulimfanya kila Mtanzania aijue Ukara. Sipendi Idjwi ijulikane kwa njia hiyo.

Najua jibu nitakalopewa. Mji wenyewe uko katika hali gani? Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, safari za ziwani zikasimama kwa muda, na nani ana akili ya kufikiria gati la kisiwa? Jibu langu ni kwamba siku zile ndizo zilizotuonyesha nani anamtegemea nani. Barabara ya kwenda Uvira ikifungwa na ya Goma ikifungwa, mji wa zaidi ya watu milioni moja unabaki na maji. Anayeshika madaraka, awe nani, akitaka Bukavu ile, itabidi aangalie mashua.

Na mambo yanayohitajika hayangoji mkutano wa Kinshasa wala mfadhili. Zege la meta chache mahali pa kupandia na kushukia, kwanza Monvu, kusini mwa kisiwa, na katika bandari kuu moja ya kaskazini. Taa ya sola juu ya mlingoti. Mstari wa rangi ubavuni mwa kila mashua unaoonyesha mwisho wa kuzama kwake, ili hata mtoto aliyesimama ukingoni ajue kwamba chombo kimezidishwa. Orodha ya abiria inayobaki nchi kavu, kwa sababu orodha inayosafiri na mashua inazama nayo. Kodi zinazochukuliwa bandarini ziandikwe ubaoni, kiasi chake na jina la ofisi inayozichukua, na sehemu yake irudi kwenye bandari hiyohiyo.

Na ombi langu kubwa zaidi ni kwa akina mama wa mananasi. Wao ndio wanaolipa. Mashua ya Idjwi haiondoki bila mzigo wao, nahodha anajua, mwenye chombo anajua. Kahawa ilipata nguvu siku wakulima walipokataa kuiuza mmoja mmoja gizani. Akina mama wa bandari moja wakikubaliana kwamba hawapakii mzigo wao kwenye chombo ambacho jaketi zake zimefungwa kamba, mwenye chombo atakata kamba hizo kabla jua halijatoka. Wana vyama vyao vya kuweka na kukopeshana, wanafahamiana kwa majina, wanajua ni mashua ipi inayovuja na ni nahodha yupi anayekunywa pombe ya kasiksi kabla ya safari. Chama kimoja cha Monvu kikianza, cha Bugarula kitasikia, na sisi wanunuzi wa masoko ya Nyawera na Kadutu tuulize kila asubuhi nanasi hili limevuka na mashua ipi.